Unga wa Kopo Jeupe

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Na Bibi naye shikamoo yake. Mwambie mumewe hajamsahau, wala hajaoa mke wa pili huku. Mimi ni mzima kabisa. Najua umeninunia kwa sababu simu yangu haipatikani tangu mwezi uliopita, lakini sikukukimbia. Kocha amekusanya simu zetu zote akazifungia kabatini. Anasema simu inaiba usingizi, na msuli haukui mtu akiwa ananyanyua chuma, unakua akiwa amelala. Basi itabidi tuandikiane kama watu wa zamani. Barua nampa mama anayetupikia, yeye huzipeleka posta akienda sokoni.

Ile kazi ya kupakua mizigo ghalani nimeiacha. Usishtuke, nisikilize kwanza. Kocha alinikuta nikibeba magunia akaniambia, "Kijana, una mifupa ya bingwa, umekosa nyama tu." Ana nyumba ya ghorofa nyuma ya gereji. Chini kuna vyuma na vioo, juu tunalala. Tuko sita, tunaandaliwa kwa mashindano ya kutunisha misuli ya mwezi wa tisa. Hatulipi chumba wala chakula. Tunakula mayai, kuku, maharage, na unga wa protini unaokorogwa kwenye maziwa, una ladha ya chokoleti iliyoungua. Asubuhi vyuma, jioni vyuma, katikati tunalala kama watoto wachanga.

Jirani yangu wa kitanda tunamwita Greda, na ukimwona hutauliza kwa nini. Kwao ni upande huohuo wa kwako, vituo viwili kabla ya kufika kwenu. Mwili wa tingatinga, roho ya mtoto: hawezi kulala taa ikizimwa.

Sasa shida yangu. Mashati yangu yote yamekataa kufunga vifungo. Nishonee moja tu, la mikono mifupi. Greda amenipima kwa futi ya kamba: kifua inchi arobaini, mkono wa juu kumi na nne, shingo kumi na tano na nusu. Kitambaa chagua mwenyewe, ila kisiwe cha maua.

Mwanao,
Kijiti (jina hili litabidi mlibadilishe)


21 Februari

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Barua yako imezunguka hadi bahasha imechoka, lakini imefika. Huku tuko salama kwa kiasi chake. Bibi yako aliteleza bafuni wiki mbili zilizopita. Nyonga haikuvunjika, ila miguu imegoma, hataki kusimama bila kunishika. Yule muuguzi wa zahanati ninayemshonea sare anapita jioni kumfanyisha mazoezi. Amempa chupa mbili za maji anyanyue, mkono huu na mkono huu, kisha ainuke kitini na kuketi tena bila kushika kitu. Na kila siku yai, na maharage. Anasema hata mzee msuli wake hukua ukipewa kazi na chakula, ila polepole. Bibi anasema nikwambie, "Mwambie mume wangu ajihadhari, nikipona nitamwangusha mieleka."

Sasa na mimi niseme yangu. Kazi umeacha bila kuniuliza, na mimi ndiye niliyekulea tangu baba yako alipofariki. Nimekasirika siku mbili, ya tatu nikakata kitambaa. Mwenzangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu anayewalisha vijana sita bure, anapata nini? Muulize kwa heshima, halafu uniandikie alichojibu.

Shati hilo hapo. La kijivu. Nimeacha vidole viwili vya ziada kwenye mshono wa ubavuni, maana nakujua, huwezi kula mayai yote hayo ukabaki ulivyo.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Poleni sana na Bibi. Mwambie mieleka nimeikubali. Shati lilifika na wote wameliona, Greda amelivaa mara moja akalipasua kwapani, ametuma salamu na samahani.

Kocha nilimuuliza. Hakukasirika. Aliniwekea mkono begani akasema, "Mkulima hamuulizi mbegu inampa nini kabla mvua haijanyesha." Wenzangu wakacheka, nikacheka na mimi.

Lakini Shangazi, mwili umekubali. Hutanijua. Kifua kimefika inchi arobaini na tano, mkono wa juu kumi na saba, shingo kumi na saba na nusu. Ule unga wa zamani tumeuacha, sasa tunakula wa kopo jeupe. Hauna harufu wala ladha. Kopo lenyewe halina karatasi, na Kocha huchota mwenyewe kwa kijiko chake, anasimama mbele yako mpaka umalize glasi. Ule wa zamani ulikuwa unanijenga kama fundi wa mtaani, leo tofali, kesho amesafiri. Huu unajenga usiku na mchana.

Kuna jambo limenikera nimeona nikwambie. Juzi nilimsukuma mama anayetupikia. Yai lilikuwa bichi katikati, basi, hilo tu. Aligonga mgongo kwenye kabati. Sijui ile hasira ilitoka wapi, maana ilikuwa imefika mikononi kabla haijapita kichwani. Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Si wewe, mwanangu." Sikumuuliza kama si mimi ni nani.

Siku hizi nalala nimeegemea mito miwili, nikilala chali pumzi inakuwa fupi. Greda anasema kifua kikubwa kinadai mto mkubwa. Yeye anatumia mitatu.

Nishonee lingine. Na hili acha vidole vinne.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bibi jana amesimama mwenyewe mara tano mfululizo, akaomba nimpigie makofi. Nimempigia. Mapaja yamerudisha nyama kidogo, unaiona kwa macho ukitazama vizuri, lakini imechukua miezi.

Ndiyo maana barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi nimepima miili ya watu tangu sijaolewa. Nimepima wanajeshi, wapagazi, wanawake wenye mimba. Mtu akinenepa najua wapi huanzia, na akipata nguvu najua wapi hujionyesha. Shingo haiongezeki inchi mbili kwa wiki saba kwa sababu ya mayai. Shingo ya namna hiyo nimeiona mara moja tu, kwa mtu aliyekuwa amevimba.

Nimemsomea muuguzi barua yako. Usikasirike, sikumsomea ile ya mama mpishi, nilimwambia tu kwamba hasira inakupanda ghafla. Amesema hivi: unga wa protini wenyewe si sumu, ni chakula kama maharage, na mwili ukishatosheka, ziada haigeuki msuli hata ule gunia. Anayekua haraka hivyo na kupandwa na hasira na kukosa pumzi, ndani ya unga wake kuna dawa. Akaniuliza, "Huyo kijana akibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo linabaki?"

Basi nijibu mawili tu. Kwa nini kopo halina karatasi, na shimo linabaki au halibaki. Mengine yote nitakusamehe.

Shati la pili nimelikata lakini sijalishona. Ukitaka livae mwili, lete mwili nyumbani nikupime mwenyewe.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu, mazoezi yameongezwa. Nimefurahi kuhusu Bibi. Hali ya hewa huku ni joto. Wote hatujambo.

Umeniuliza kuhusu mguu. Mguu upo. Kuhusu kopo, Kocha anasema karatasi ni ya kuwafurahisha wanaonunua dukani, sisi hatununui. Na siku hizi tunachomwa sindano za vitamini kila wiki, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba tunakosa kitu mwilini.

Greda amekwenda nyumbani. Ilikuwa ghafla. Asubuhi alishindwa kupanda ngazi, akaketi katikati, akaniambia, "Ngazi zimeongezeka leo." Nikamcheka. Mchana nilikuwa nimelala, nikasikia kishindo bafuni na miguu ya watu. Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimekwisha kutandikwa shuka nyingine. Kocha akasema amemkumbuka mama yake, amepakiwa kwenye basi. Jioni ileile aliletwa mwingine kulala hapo.

Lakini ameacha viatu, Shangazi. Vile vyake vya raba, jozi pekee anayoweza kuvaa, maana miguu yake ilikuwa haiingii kwingine. Nimevikuta chini ya kitanda, nimemwomba mama mpishi avitie kwenye basi kwa jina lako. Tafadhali mpelekee kwao. Mama yake ana kibanda cha kuuza mkaa karibu na kituo, kila mtu anamjua. Mwambie Greda aniandikie. Mwambie taa sasa inazimwa na sisi wengine tunalala vizuri, atacheka.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Nimevipokea viatu. Salamu tuziache kwanza.

Nilikwenda Jumamosi. Nilimpata mama yake akipima mkaa, mwanamke mwembamba, mikono imeingia weusi hadi kwenye kiwiko. Nilimwambia mimi ni shangazi wa Kijiti, rafiki wa mwanawe. Aliacha mkaa wake akanishika mikono yote miwili. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Basi wewe una habari zake. Mwanangu hajambo huko?"

Nilisimama pale na viatu kwenye mfuko.

Akaniletea kiti. Akanionyesha ujumbe wa simu alioupata kwa Kocha wiki hiyohiyo, unasema kijana anaendelea vizuri, yuko kwenye mazoezi makali, asisumbuliwe. Akauliza kama amenenepa. Nikasema amenenepa. Akauliza kama bado analala na taa. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, viatu nilirudi navyo, viko chini ya cherehani yangu, na tangu siku ile sijaweza kushona vizuri maana mguu wangu unavigusa kila ninapokanyaga.

Mwanangu, huyo mtoto hakupanda basi bila viatu.

Ondoka hapo. Usiage, usikunje nguo, usingoje mashindano. Toka kama mtu anayekwenda dukani. Nauli chukua kwa yeyote, nitailipa mimi. Bibi nimemwambia unakuja, amefurahi mno, usinifanye mwongo kwa watu wawili.

Shangazi yako


28 Juni

Mpendwa Shangazi,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima wa afya. Mazoezi yanaendelea vizuri. Rafiki yangu uliyemtaja yuko salama kwa ndugu zake wengine na hakuna haja ya kumsumbua mama yake. Chakula ni kizuri. Naomba usije kwa sasa kwa sababu wageni wanavuruga ratiba. Nitakuandikia baada ya mashindano.

Wako mpendwa


6 Agosti

Mwanangu,

Nimekuandikia mara mbili mwezi wa saba, hukujibu. Hii naandikia mezani kwa mama mpishi, kwake, si kwenu, naye ameketi mbele yangu anachambua mchele. Kama unaisoma, ameipata njia ya kukufikishia.

Ile barua ya mwezi wa sita niliijua. Mwandiko ni wako lakini umekaa kama mtu aliyesimamiwa. Hujawahi kuniita mpendwa, na shikamoo yako hujawahi kuisahau hata ulipokuwa mtoto na homa. Jirani amekubali kukaa na Bibi, nikapanda basi.

Nimefika nyuma ya gereji jana. Geti jekundu. Kijana mmoja mpana kama mlango akanifungulia, akanisikiliza, akaingia ndani. Akatoka Kocha mwenyewe. Nilidhani nitamkuta jitu, kumbe ni mtu mdogo, msafi, anaongea taratibu, ana miwani. Alinikaribisha maji. Nikamwambia, "Nimemfuata mwanangu."

Akasema, "Mama, umepishana naye. Amekwenda nyumbani."

Niliyaacha maji yake bila kuyagusa, nikatoka. Nilikwenda polisi. Ofisa akasema wewe ni mtu mzima, mtu mzima akihama si kosa. Nikapita hospitali mbili nikiuliza jina lako. Halipo. Nikakaa kwenye kituo cha basi mpaka mama huyu akaja kuniketia ubavuni. Alikuwa amenifuata tangu getini. Alisema, "Wewe ndiye wa shati la kijivu." Hajui ulikopelekwa, aliona gari tu. Ameniapia atakutafuta.

Kesho inabidi nirudi, jirani hawezi kumwinua Bibi. Nikiondoka nahisi nakuacha. Naondoka hivyohivyo. Popote ulipo, kama una mkono wa kushika kalamu, niandikie neno moja.

Shangazi yako


19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Niko hai. Niko hospitali ya tatu, ile usiyofika, wodi ya wanaume juu, kitanda cha dirishani. Hungeniona hata ungefika, maana walionileta waliniandikisha kwa jina lingine. Mama mpishi alinijua kwa shati. Wauguzi walikuwa wamelikunja chini ya mto, limepasuka ubavuni, vile vidole viwili vyote nilikuwa nimevimaliza. Barua yako amenisomea yeye, macho yangu yalikuwa hayajatulia.

Nitakujibu yote sasa. Shimo lilikuwa linabaki. Lilikuwa linabaki tangu mwezi wa tatu, nilipokuandikia kuhusu mito. Ukibonyeza, ungeweza kuhesabu hadi ishirini ndipo ngozi irudi. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungekuja, na ungekuja ningeondoka, na asubuhi nilipokuwa natazama kioo, Shangazi, sikutaka kuondoka. Watu barabarani walikuwa wananipisha. Mimi, Kijiti. Ile ya mwezi wa sita niliandika Kocha akiwa nyuma ya kiti. Barua yako aliisoma yeye kwanza.

Nilianguka kwenye ngazi. Daktari hapa ni mwanamke, hana maneno mengi. Alinieleza kwamba figo zimechoka, labda zitapona, labda nusu yake. Akasema moyo nao ni msuli, nao ulikula tulichokula, na wangu umekua kuliko nafasi yake. Nilimuuliza kama utarudi kuwa mdogo. Alisema tutaona. Nimepungua sana. Mkono ninaoandikia hungeamini.

Greda amekufa. Mama mpishi amemkuta mochwari, kwa jina lisilo lake. Alikuwa huko tangu siku ile ya kishindo. Kile kishindo, Shangazi, mimi nilikisikia, na nikasikia akiita. Aliita jina langu mara moja. Nilikuwa na usingizi na kifua kizito, nikajiambia wapo watakaomwinua. Mama yake lazima aambiwe. Najua nakutwika mzigo, lakini usimwache aendelee kupokea ujumbe kwenye simu. Na umpe viatu.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niombe karatasi hii.

Jana Kocha alikuja. Alikuja saa ya wageni, na machungwa, na miwani yake. Aliwasalimu wagonjwa wote mmoja mmoja. Aliketi kitandani kwangu akanimenyea chungwa, akatoa nyuzi nyeupe zote, polepole, akanipa kipande kimoja kimoja. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Akaushika mkono wangu hapa juu, akaupima kwa vidole vyake kama wewe unavyofanya, akasikitika. Akasema, "Tumepoteza kazi nyingi, kijana. Lakini mifupa bado ni ya bingwa. Mashindano ya mwezi wa tisa yamekupita, kuna ya mwakani. Kitanda chako hakijapewa mtu."

Nilinyamaza. Hakungoja jibu, aliinuka akaenda zake, na machungwa yaliyobaki akampa mzee wa kitanda cha pili.

Sikunyamaza kwa woga, Shangazi. Ningependa iwe woga. Alipotaja kile kitanda, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Nimelala nacho mpaka asubuhi, kipo, hakijaondoka. Greda yuko mochwari, najua chakula kilichomuua, nimekila mimi mwenyewe, na bado natazama mkono huu mwembamba kwenye shuka namwona mtu nisiyemtaka.

Wauguzi wanasema kesho kutwa watanitembeza ukumbini hadi dirisha la mwisho na kurudi. Kila mtu hapa ananitakia nipate nguvu. Wewe usinitakie hivyo. Barua hii mama mpishi anaitia kwenye basi la leo, usinijibu kwa barua. Mwache Bibi kwa jirani, kopa nauli, panda basi la alfajiri, uje unichukue ningali nimelala, kwa sababu geti lile si mbali na hapa, na nikiweza kusimama sijui miguu itanipeleka wapi.

Mwanao